Nilifundishwa uongozi siku tano, nikautumia kumkomoa muuguzi wangu

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni, wengine mambo vipi.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo naushusha kama ulivyo, bila chumvi. Sehemu kubwa ya aibu iliyomo ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kudanganya.

Mimi ni mganga mfawidhi wa kituo cha afya huku Kigoma, mwambao wa ziwa. Jina la kituo tuachane nalo. Majina ya watu pia nimebadilisha.

Kuna kipindi tuliitwa mjini wafawidhi kadhaa, training ya leadership kwa viongozi wa afya. Siku tano ukumbini, chai ya saa nne, flip chart, kalamu za rangi. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja mpole kutoka Dar, anaongea taratibu hadi unaona aibu kusinzia.

Siku ya mwisho akatupa kazi ya nyumbani. Kila mfawidhi awape watumishi wake fomu wamtathmini yeye kama kiongozi. Hakuna kuandika jina. Bahasha zifungwe. Halafu akasisitiza, "Msitafute nani kaandika nini."

Tukaitikia wote kama shule ya msingi.

Sasa huyu mama, pamoja na elimu yake, kuna kitu hakukijua. Kituo kama changu miandiko yote inajulikana. Kila mwisho wa mwezi napitia vitabu vya MTUHA, yaani rejesta zile za wagonjwa, ukurasa kwa ukurasa, kisha nasaini. Mwandiko wa mtumishi wangu naujua kuliko sura ya mpwa wangu.

Fomu zikaja. Karibu zote zilisema kitu kimoja: kiongozi mzuri, ana upendo, Mungu ambariki. Nilizisoma nikiwa nyumbani Gungu, natabasamu peke yangu.

Moja ikasema hivi: "Anauliza maoni akiwa ameshaamua. Ukimpelekea habari mbaya anakukunjia uso wewe uliyeileta, kana kwamba wewe ndiye uliyeisababisha."

Kwenye tarehe, saba ina mkato katikati. Herufi zimelala kulia. Sikuhitaji hata dakika moja.

Ni sista Zainabu wa kliniki ya mama na mtoto. Mzaliwa wa Ujiji, mchapakazi, haongei sana. Niliumia wakuu, siwafichi. Mtu niliyemwombea ruhusa kila mama yake alipougua, leo ananiandika hivi?

Sikumwambia kitu. Nikaendelea kumsalimia vizuri tu.

Wiki chache baadaye halmashauri ikaomba kila kituo kikubwa kipendekeze mtumishi mmoja wa kuazima, kwenda kusaidia zahanati za mwambao zilizobaki na mtu mmoja mmoja. Huko unafika kwa boti ya kutoka Kibirizi, na ziwa likichafuka hufiki.

Nikapeleka jina la Zainabu.

Mama yake ni mzee, amepooza upande mmoja, na Zainabu ndiye aliyekuwa anamgeuza kitandani asubuhi na jioni. Nilikuwa najua hilo wakati naandika jina.

Nikamwita ofisini nikamwambia, "Sista, nimeona nikujengee uwezo. Hii ni fursa ya kukua kiuongozi." Maneno ya ukumbini kabisa, hata sikubadilisha.

Akaniangalia, akasema, "Sawa dokta." Akaenda kufunga mizigo.

Watumishi wengine hawakusema kitu. Mimi nikaona kituo kimetulia. Vikao vya asubuhi vikawa vifupi, nikiuliza kuna changamoto najibiwa hakuna. Nikaandika kwenye ripoti ya mafunzo kwamba ushirikiano umeimarika. Na cheti nikapata, kipo ukutani hadi leo.

Miezi kama mitatu ikapita.

Jumatatu moja ya kliniki, akina mama wamejaa benchi zote, Filbert anayeshughulikia chanjo akaniita pembeni. Friji ya chanjo ilikuwa imepanda joto. Chanjo zote zilikuwa hazifai tena.

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu Alhamisi.

Siku nne! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku hiyohiyo, tungehamishia hata kituo cha jirani.

Akajibu akiwa anaangalia chini. "Dokta, mimi nina watoto wanasoma Katubuka. Nikasema nikileta habari ya friji, na mimi nitapandishwa boti."



Nikatoka kwenda kuwatangazia akina mama kwamba chanjo hakuna. Mmoja alikuwa ametoka milimani tangu alfajiri, mtoto mgongoni. "Mwakeye dokta," akanisalimia kwanza, kwa heshima zote. Halafu, "Sasa nirudi lini?" Nikamwambia tutawatangazia. Akakaza khanga, akageuka na njia aliyojia. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Jumamosi ile nikaenda Kibirizi, nikapanda boti. Nilimkuta Zainabu anapima uzito watoto. Nikasubiri amalize, nikamwomba radhi. Nilijiandaa njia nzima lakini yalitoka vipande vipande.

Akasema, "Nilijua utautambua mwandiko wangu."

"Sasa kwa nini hukuubadilisha?"

"Ningeubadilisha ungesema ni mwoga fulani tu ana chuki zake."

Nikamuuliza hali ya mama. "Yuko na mdogo wangu. Siku hizi anamwita kwa jina langu." Hapo machozi yalinilenga wakuu, nikajifanya naangalia ziwa.

Nikamwambia naandika barua arudishwe. Akasema niandike, lakini haondoki mpaka aletwe wa kushika nafasi yake, maana pale angemwacha mwenzake peke yake na wajawazito wa kijiji kizima. Barua nimeandika. Mpaka leo naifuatilia.

Wakati naondoka akaniambia, "Mimi nimekusamehe dokta. Ila mimi sikuogopa. Kawaombe radhi walioogopa."

Jumatatu nikasimama kwenye kikao cha asubuhi. Nikaeleza yote: fomu, mwandiko, jina nililopeleka na sababu yake. Nikasema nimekosa.



Kisha mama anayetufanyia usafi, ambaye kwenye kikao huwa hasemi kabisa, akanyoosha mkono. "Dokta, ile friji mimi niliiona Jumatano. Ilikuwa inalia vibaya."

Mlinzi akasema na yeye aliisikia.

Muuguzi wa wodi akasema Ijumaa alifungua akakuta barafu imeyeyuka. Mtu wa maabara akasema aliambiwa na mlinzi. Wakaendelea hivyo mmoja mmoja mpaka wakaisha.

Kituo kizima kilikuwa kinajua, isipokuwa mfawidhi.

Nilichojifunza: ukimwadhibu mmoja kwa kusema kweli, hujamnyamazisha yeye. Umewanyamazisha waliobaki, na utajua siku ambayo mtoto wa mtu anarudi nyumbani bila chanjo.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mabosi mliomo humu, na nyie mlio chini ya mabosi, semeni yenu. Wa kunisema anisemee hapahapa, nasoma zote.