Mfinyanzi Aliyeshuka kwenye Treni Akiwa Mkunga

Mama Gundi alikuwa na miaka kumi na tisa akishona vitabu vya shule, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusoma hata kimoja hadi mwisho. Jambo hilo hakulijua mtu. Wanafunzi walimwona katika kile chumba chake nyuma ya maktaba, miwani puani, uzi mdomoni, vitabu vimemzunguka kama kuku wanaosubiri mtama, wakadhani kichwa chake kimejaa hadithi. Walitaniana kwamba ukikalia kiti chake hubanduki mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Naye alicheka nao. Lakini ukimuuliza kitabu fulani kinasema nini, alikujibu, "Kasome mwenyewe, mimi si redio." Watu waliona ni namna yake ya kuwahimiza watoto. Ulikuwa woga tu.

Kusoma alijua. Ila macho yake, yakiona kitabu, yalikimbilia mshono kabla ya maneno. Kitabu ukikivua jalada unakuta mafungu ya karatasi, kila fungu kurasa kumi na sita, yameshonwa mgongoni moja baada ya jingine. Mama Gundi alikata uzi uliooza, akakwangua gundi kavu, akapanga mafungu upya kwa kufuata namba za chini ya kurasa, akashona. Namba zikifuatana, basi kitabu kimepona. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi.

Mwaka huo Mwalimu Mkuu alitangaza shindano la kuandika. Kila mtoto aandike ukurasa mmoja wa kupendekeza kitabu anachokipenda, aandike hadi mwenzake atamani kwenda kukitafuta. Insha bora ingepelekwa kushindana na za shule nyingine. Sharti kubwa lilikuwa moja: kitabu uwe umekisoma mwenyewe, si kusimuliwa.

Aliyeshinda pale shuleni alikuwa msichana wa darasa la sita aliyeitwa Swali, jina alilopewa na walimu waliochoka kumjibu. Aliisoma insha yake mbele ya shule nzima. Alisimulia habari za mwanamke mfinyanzi aliyechoka kuufinyangia vyungu ukoo mzima wa mumewe bila kuambiwa hata ahsante.

"Nakipenda kitabu hiki kwa sababu hakinitafunii kila kitu," alisoma. "Anafunga mlango akiwa mfinyanzi. Ukigeuza ukurasa, anashuka kwenye treni akiwa mkunga, ana jina jipya, na hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Mwandishi hasemi alibadilika vipi. Ameniachia mimi nifikirie."

Watoto wa nyuma walisogea mbele wasikie vizuri. Mama Gundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na brashi yake, alijiona amerefuka. Kitabu kile alikijua kwa mgongo wake wa kitambaa cha buluu. Alikishona yeye. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, alitamani kujua ndani mna nini. Saa ya chai alikichukua rafuni, akaketi, akasoma kama mtu anayekula kwa kujificha.

Alisoma siku mbili. Mfinyanzi alimchekesha, wifi zake wakamuudhi, na pale ukurasa wa tisini na sita mwanamke alipofunga mlango, Mama Gundi alisema "Nenda, dada" kwa sauti. Akageuza. Tisini na saba: treni, mkunga, jina jipya. Sawa, kama Swali alivyosema. Lakini kurasa chache mbele mkunga alikuwa akimwandikia barua mama yake, na mama wa mfinyanzi alikuwa amezikwa tangu ukurasa wa kumi. Mama Gundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa ni la kioo.

Hapo akaukumbuka ule mwaka paa la maktaba lilipovuja. Alifumua vitabu viwili vilivyolowa siku moja, akavianika mezani fungu kwa fungu. Vilichapwa na kiwanda kimoja, karatasi ile ile, herufi zile zile. Vilipokauka, alivikusanya kwa namba. Akainuka, akatafuta rafuni kitabu cha pili, cha mkunga, ambacho hakikuwa kimeazimwa na mtu tangu siku hiyo. Kwenye ukurasa wa tisini na saba mfinyanzi aliufungua ule mlango wake, akarudi jikoni, akaomba radhi.

Alivifungia vyote viwili kwenye droo ya meza yake na kuvifunika kwa kitambaa. Alijiambia atasema kesho. Kesho ikawa Jumatatu, Jumatatu ikawa wiki.

Kisha ikaja barua kutoka kwa waamuzi wa shindano. Mmoja wao alikuwa na kitabu hicho nyumbani kwake, na katika kitabu hicho mfinyanzi haendi popote, wala hakuna treni wala mkunga. Mwanafunzi hakukisoma, barua ilisema, ametunga. Insha iliondolewa, na mtoto akatakiwa kuandika barua ya kuomba radhi na kuisoma mbele ya wenzake.

Swali alimwambia Mwalimu Mkuu jambo moja tu, kwamba kitabu kiletwe. Mama Gundi akaitwa ofisini, akaulizwa.

"Rafuni hakipo, mwalimu," alisema.

Ilikuwa kweli. Droo si rafu. Na ule ukweli wake ulimuuma kuliko uongo, maana alijua aliupima kabla ya kuutoa, kama anavyopima uzi.

Mchana Swali akaja chumbani kwake. Alimwamkia, akaomba ruhusa ya kutafuta. Alipekua kila rundo, kitabu kimoja kimoja. Akapiga magoti, akachungulia chini ya meza, kichwa chake kikawa shubiri moja tu kutoka kwenye droo. Mama Gundi alikuwa ameibana droo ile kwa goti. Alisingizia kwamba baridi yabisi inamzuia kusogea, na mtoto akampa pole.

Swali aliinuka, akajikung'uta vumbi. "Labda kweli sikukisoma," alisema polepole. "Labda niliota, Mama Gundi. Mtu anaweza kuota kitabu kizima?"

Mama Gundi aliliondoa goti. Akavuta droo.

Ofisini alieleza yote akiwa amesimama, vitabu viwili juu ya meza ya Mwalimu Mkuu, mtoto pembeni. Mwalimu Mkuu alivigeuza geuza, tisini na sita, tisini na saba, huku na kule. Hakupandisha sauti. Angeipandisha, ingekuwa nafuu.

"Kwa hiyo miaka yote hii, mama, ulikuwa unapanga namba tu?"

"Namba tu, mwalimu."

Ndipo Swali akauliza lile ambalo Mama Gundi alikuwa akiliogopa tangu droo ilipofunguka. "Ulijua lini?"

"Siku chache baada ya wewe kusoma mbele ya shule."

"Na nilipokuwa chini ya meza?"

"Nilikuwa najua, mwanangu."

Msichana aliyechosha walimu wote hakuuliza tena. Alikitazama kitabu chake cha buluu kama mtu anayetazama nyumba aliyokulia ikiwa imebomolewa, akaomba ruhusa ya kurudi darasani.

Waamuzi waliandika tena. Jina la mtoto lilisafishwa, aibu yake ikafutwa mbele ya shule nzima. Lakini insha haikurudishwa shindanoni, kwa kuwa huwezi kuwapendekezea watu kitabu ambacho hakuna duka litakalowauzia. Mama Gundi aliamriwa kuvifumua vyote viwili na kurudisha kila fungu kwao. Alivifumua mchana kweupe, mlango wazi, ili kila apitaye aone. Uzi ulikuwa imara. Alikuwa ameushona vizuri mno.

Siku hizi kazi yake inakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Hashoni kitabu kabla ya kukisoma chote, na marundo yamefika dirishani. Mwalimu Mkuu hunung'unika, lakini hamharakishi. Mwanzoni Swali alipita nje, akamwamkia kwa adabu zote na kuendelea na safari yake, bila kuingia. Mama Gundi alimwitikia huku akiinamia sindano, asijue auweke wapi uso wake.

Muhula ulipokaribia kwisha, mtoto aliingia. Aliweka mezani kitabu kilichochanika mgongo.

"Hiki nimekisoma," alisema. "Kinaishia ukurasa wa mia na arobaini. Usiongeze kitu."

"Siongezi," alisema Mama Gundi, na hakuinua macho mpaka hatua za mtoto zilipopotelea barazani. Kisha akafungua ukurasa wa kwanza.