Mtungi wa Mama Mlangoni

Kazi yangu ni vigae. Watu wa Korintho wakisikia nina udaktari wa vyungu vya kale hunitazama kwa heshima, kisha huuliza kama nimewahi kupata chungu kizima. Hapo heshima huishia, kwa sababu sijawahi. Miaka yote nimechimba, nimesugua kwa mswaki, nimeunganisha, na kila chombo nilichokisimamisha mezani kilikuwa na pengo. Mama alizoea kuwaambia majirani kwamba alimsomesha mwanawe hadi chuo kikuu, akaishia kuwa fundi wa vikombe vilivyopasuka.

Siku tuliyomzika mama, jeneza lilipotoka tu nyumbani, mdogo wake, mama mdogo Poliksena, aliuinua mtungi wa maji wa marehemu akaupiga kizingitini. Ndivyo tunavyofanya kwetu: chombo huvunjwa nyuma ya maiti ili kifo kisirudi tena ndani. Nami nimefundisha somo zima juu ya jambo hilo, kwamba hata watu wa kale walivunja vyombo makaburini. Lakini mganga hajigangi. Niliporudi kutoka mazikoni na kuviona vigae vimetapakaa mlangoni, nilipiga magoti na suti yangu nyeusi, nikaviokota vyote. Waombolezaji walidhani nimezidiwa na uchungu. Uchungu nilikuwa nao kweli, ila wakati huohuo nilikuwa nikitenganisha vya shingo na vya tumbo.

Niliuunganisha mtungi jikoni kwa mama, taratibu, na kwa wiki kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa faraja yangu. Mtungi ule ndio alioninyweshea maji tangu utotoni. Nilipouona umesimama tena, nililia. Kilipungua kishikio tu. Nilikitafuta chini ya maua, nikachekecha mpaka udongo wa bustani, wapi. Hata kwa mama yangu mzazi nilikuwa nimebaki na pengo.

Asubuhi ya arobaini, mama mdogo alikuja na sinia la ngano ya kuchemsha, yenye sukari na komamanga, ya kupeleka kanisani. Akauona mtungi juu ya kabati. Akaliweka sinia chini polepole.

"Thrasivulo, nani kakutuma?"

"Mazoea, mama mdogo."

"Mazoea. Mimi nimekifukuza kifo, wewe umekibandika na gundi. Dada yangu ataondokaje na mtungi wake unamngoja humu? Uvunje kabla hatujaenda kanisani."

Nilijitetea kisomi. Nilimweleza kwamba mtungi wenyewe si mzima, kishikio hakipo, na kwa kanuni za kazi yetu hicho bado ni chombo kilichovunjika, kwa hiyo desturi haijaguswa. Nilitegemea anikaripie. Badala yake alikaa kitini, akafungua mkoba wake mweusi, akatoa leso iliyokunjwa. Ndani yake kulikuwa na kishikio.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Wewe umebeba mtungi mzima. Mimi nimechukua pale alipokuwa anashika tu."

Akanipa kishikio, nikakiweka mahali pake bila gundi, kikakaa sawasawa. Basi hicho ndicho chombo changu cha kwanza kisicho na pengo, na hakikuwa cha kale wala hakikutoka ardhini. Tulikitazama wote wawili, kisha mama mdogo akaelekeza kidevu mlangoni.

Pale kizingitini mikono yangu iligoma. Imezoea kuunganisha, kuvunja haijui. Mama mdogo akaweka mikono yake juu ya yangu, tukauachia mtungi pamoja. Gundi yangu ilishika. Mtungi ulipasukia kwingine kabisa, nami, Mungu anisamehe, nikajisifu kidogo moyoni. Halafu tukajikuta tumeinama wote wawili, mimi nikinyoosha mkono kwenye kipande cha mdomo wa mtungi.

"Kimoja tu, daktari," alisema mama mdogo, na kishikio chake kilikuwa tayari kimo ndani ya leso.