Kimya Nilichodhani Nimekitunga Mimi

Hadi leo nikipita mbele ya ule ukumbi wa Braamfontein, hapa Johannesburg, nageuza uso nitazame ng'ambo ya barabara, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba, na wala simlaumu mtu, maana aibu ile niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, nikaila mbele ya watu. Lakini nikiisimulia moyo unanidunda upya kama siku ile, na (niseme ukweli) si kwa aibu peke yake.

Kwanza mnijue. Mimi ni Rehema, wakati huo niko darasa la kumi, mtoto wa aina ile ambaye mwalimu akiuliza swali, yeye huanza kukagua viatu vyake. Mama ni wa Morogoro. Baba ni wa hapahapa Johannesburg, aliishi uhamishoni Tanzania wakati wa ubaguzi, akamwoa mama hukohuko, akarudi nyumbani na vitu viwili vya thamani: mama, na sanduku la santuri za muziki wa bluzi. Mchezo wetu wa Jumapili, baba na mimi, ulikuwa kupiga santuri mbili kwa zamu, moja ya mzee fulani mweusi wa Amerika aliyekufa maskini, nyingine ya vijana wa roki wa Uingereza waliokuja baadaye wakatajirika, na kazi yetu ilikuwa kukamata wezi. "Sikia hapo," baba anasema, "wamechukua gita, wamechukua maneno, wamemwachia mzee wa watu jina lake tu." Mimi hasira zinanipanda hadi machozi. Kwa kifupi, nilijiona askari wa bluzi dunia nzima, tena askari mwenye cheo.

Basi mwaka ule wa Kombe la Dunia, mashindano yameisha lakini vuvuzela bado ziko kila nyumba, likatangazwa shindano la vijana wapiga gita. Kila mmoja wimbo wake mwenyewe, na mshindi mmoja tu anaingia studio kurekodi. Studio jamani! Yenye kioo, na yule mtu wa kuinua kidole upande wa pili! Nililitaka jambo lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, nikajifungia chumbani, nyumbani kwetu mtaa wa La Rochelle, nikatunga, gita bila spika, taratibu, ili mtu yeyote asinisikie (ndiyo, hata mama, aliyekuwa jikoni hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu). Na sifa kuu ya wimbo wangu ilikuwa kimya. Gita linapanda, linashuka, halafu linanyamaza ghafla, pa! Kimya. Halafu linapanda tena. Nilikipenda kimya kile hadi nikawa nacheka peke yangu. Nikasema, Rehema, hakuna mtu duniani aliyewahi kunyamaza namna hii.

Siku ikafika. Jaji mkuu alikuwa mpiga gita mzee wa Soweto, wote tukimwita Bra Themba, yaani Kaka Themba, kofia hadi machoni, na alikuwa na utaratibu wake wa ajabu: kila mshindani akimaliza, anageukia ukumbi na kuuliza, kama padri kwenye ndoa, "Kuna mwenye neno?" Maana yake, kuna anayejua wimbo huu umetoka kwingine? Wanne wa kwanza, hakuna mwenye neno. Wa tano akapanda Fiston, mvulana wa Kikongo aliyevaa kidoleni shingo ya chupa iliyokatwa, akaiteleza juu ya nyuzi, na gita likalia, jamani, lililia kama mtu, hadi nywele zikanisimama. Halafu zikanisimama kwa sababu nyingine. Wimbo ule naujua! Uko kwenye sanduku la baba, santuri isiyo na jalada, upande wa pili!

"Kuna mwenye neno?"

Hapa ndipo nilipoharibu. Ningekaa kimya, mimi bingwa wa kukaa kimya. Lakini mkono huu, mkono ambao tangu shule ya msingi haujawahi kupita bega langu, ukapanda wenyewe. Nikasimama. Nikasema kwa Kiingereza, sauti ikitetemeka kwa raha, kwamba wimbo ule ni wa mzee kipofu wa Amerika, kwamba wazungu walishamwibia mara moja, na sasa sisi wenyewe Waafrika tunamwibia mara ya pili. Ukumbi ukasema "Yoooo!" Nilijisikia mrefu kuliko mnara wa Hillbrow.

Fiston akavua ile chupa kidoleni. "Ni kweli," akamwambia Bra Themba. "Mjomba ndiye alinifundisha. Sikujua kama inakatazwa."

Majaji wakanong'onezana, wakasema wimbo wake uwekwe kando kwanza, akashuka na ile chupa yake. Kurudi kwenye kiti ilibidi apite mbele yangu, akaniambia polepole kwa Kiswahili (sijui alijuaje kwamba nakijua), "Asante, dada." Nami bila haya nikamjibu, "Karibu."

Zamu yangu sasa. Nikapanda, nikatazama nyuma ya ukumbi nikamwona mama, niliyemwambia jana yake tu kuhusu shindano, ndiyo kwanza anaingia, moja kwa moja kutoka Marshalltown anakouza vitumbua na chapati kando ya barabara, na hakuja peke yake, kaja na wateja wake karibu wote: walinzi wa zile ofisi, wauza chaja za simu wa Burundi, akina dada wa benki, na jamaa mmoja na vuvuzela. Nikasema moyoni, leo wataona.

Nikaanza. Gita likapanda, likashuka, likanyamaza.

"BADO!"

Sauti kama kumi hivi, kutoka nyuma. Nikadhani wananishangilia kwa namna yao. Gita likapanda, likashuka, likanyamaza.

"BADO!" Safari hii na vuvuzela.

Tena wakaingia palepale, katikati kabisa ya kimya changu, kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli lake. Na hapo, vidole vikiwa bado vinapiga, nikasikia. Kwa mara ya kwanza nilisikia. Kila asubuhi ya maisha yangu mama akifika mahali pake pa kuuzia anafungua beseni na kuimba, "Umekula weye?" na wateja wanamjibu, Wazulu, Wasotho, wote, hata wasiojua neno jingine la Kiswahili, "Bado!" "Umekula jamani?" "Bado!" "Basi njoo kwa mama!" Nimekua nikiusikia wimbo huo kama mtu anavyosikia friji, yaani hausikii. Gita langu lilikuwa linauliza kama mtu amekula. Kimya changu cha ajabu ni pale mama anapovuta pumzi akingoja wateja.

Nikafanya nini? Nikaongeza kasi, eti niwakimbie. Nao wakaongeza! Ukumbi mzima ukadaka, safu za mbele, za kati, hadi jaji mmoja nilimwona mdomo unacheza, "Bado! Bado!", na mama sasa kasimama juu ya kiti na beseni kichwani, anaimba maneno yenyewe juu ya gita langu, machozi ya furaha yanamtoka, maana yeye alidhani bintiye amemtungia zawadi. Na ulikuwa mtamu jamani! Hilo ndilo linaloniuma. Sijawahi kupiga gita vile, na ukumbi haukuwahi kupiga kelele vile siku hiyo nzima.

Nilipomaliza walishangilia hadi Bra Themba akainua mikono yote miwili. Kisha akauliza lile swali lake.

"Kuna mwenye neno?"

Fiston akanyoosha mkono.

"Mi nauliza tu," akasema. "Ule wimbo wa mama na huu wa dada, tofauti iko wapi?"

Hapo ndipo ningesema "haipo, samahani," mambo yakaisha. Lakini studio ilikuwa imenikaa kooni. "Mimi nimeongeza gita," nikasema.

"Na mimi niliongeza chupa."

Walivyocheka! Yule jamaa akapuliza vuvuzela, mpuuzi yule. Bra Themba akavua kofia, akajifuta kichwa, akasema, "Eish, dada, tukianza kufunga watu kwa kosa hili, muziki wote huu unalala jela, na mimi ndiye wa kwanza." Kisha akamgeukia mama. "Mama, binti yako alikuomba huu wimbo?"

"Kuomba?" mama akasema. "Hata kunipigia nyumbani hajanipigia. Mlango umefungwa mwezi mzima, mi nadhani anasoma."

Majaji wakanong'onezana tena, na safari hii hawakukawia. Wimbo wa Fiston ukarudishwa. Yeye, alipoulizwa, alisema ulikotoka. Mimi nilipoulizwa nilisema nimeongeza gita. Studio ikawa yake. Nikasimama pale na gita shingoni, nataka sakafu inimeze, sakafu inakataa.

Tulipotoka nje, mama anagawa vitumbua kwa bei ya sherehe, nikamwona Fiston anakuja. Nikajiandaa kutukanwa. Akanipita. Akasimama mbele ya mama, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Naomba kuazima ile 'bado' yako. Kwa studio. Nitasema ni yako, jina lako nitalitaja."

Mama akamtazama kwanza, kisha akanitazama mimi, muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Chukua, mwanangu. Na chukua na vitumbua." Akanigeukia. "Umemsikia? Mwenzio kaomba."

"Nisamehe," nikamwambia Fiston. "Sana."

"Sharp, yameisha," akasema, mdomo umejaa. "Lakini nahitaji watu wa kuitikia. Unajua kuitikia?"

Ndivyo nilivyoingia studio, jamani, yenye kioo na mtu wa kuinua kidole, nyuma kabisa kati ya mlinzi na muuza chaja, mama mbele akiimba, na yule niliyemwita mwizi akiteleza chupa yake hadi mwili ukanisisimka. Kazi yangu ilikuwa neno moja. Nililisema kwa nguvu zangu zote.

Kukamata wezi na baba nimeacha. Sasa tunasikiliza tu nani kamfundisha nani. Na nikitunga kitu siku hizi nafungua mlango, nakwenda nacho jikoni mama anapopika, napiga, namtazama mkono. Akiendelea kukoroga kivyake, huenda wimbo ni wangu. Mwiko ukianza kufuata gita, naacha, namuuliza, "Mama, huu niliutoa wapi?"