Gauni la Gari

Juzi, kwenye foleni ya mpakani Busia, niliona gari la kifahari la zamani lililofufuliwa, bodi yake imeundwa upya kwa nyundo na mkono. Nilimkumbuka mama.

Alikuwa fundi cherehani Tororo. Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, jirani yetu, Fundi Wandera, aliyekuwa akitengeneza gari kama hilo, aliingia ananuka moshi wa kuchomelea.

"Mama Athieno, nimeharibu bati mbili. Imebaki moja tu. Madigadi, hii bati ya juu ya gurudumu, inanishinda kukunja."

Mama alibeba tepu na magazeti, akalipima gari ubavuni kama anavyompima bibi harusi. Niliposikia mkasi ukikata karatasi, niliamini gari linashonewa gauni, nikauliza litakuwa la rangi gani. Fundi alicheka. Mama hakucheka.

"Nyonga ni nyonga, ya mtu au ya gari," alimwambia. "Usilazimishe kukunja. Fuata karatasi, kata hapa na hapa, halafu unganisha."

Sasa najua alikuwa akimchorea kielelezo cha kukatia bati. Nyundo iligonga mpaka jioni, kisha Fundi akaja mbio.

"Mama Athieno, imekaa!"

"Kwani ingekataa?" alijibu mama, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.