Jirani wa Chini na Vifundo Viwili vya Boila

Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi, mmalize, ndipo mnisikilize. Kisa hiki sikuhadithiwa na mtu. Kimenikuta mie mwenyewe, macho wazi, Wembley, London, ndani ya flati ya mwanangu Salma. Homa sikuwa nayo, na usingizi sikuwa nao.

Salma alikuwa amejifungua kwa operesheni. Nikapanda ndege kutoka Unguja kuja kumlea mpaka atimize arobaini, kama mama yeyote wa kwetu afanyavyo. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo hata kumbeba nilikuwa naogopa. Hospitali walimruhusu kwa sharti moja, asipoe. Mkunga aliyekuwa akija nyumbani kumpima alimkuta mara moja amepoa, akasema wazi kwamba akimkuta hivyo tena, anamrudisha wodini. Salma alilia siku ile mpaka nikamkemea, maana mzazi haachwi akalia. Basi jueni hivyo: tulichokuwa tukikipigania mle ndani ni joto la kile kitoto.

Sasa, jikoni kwa Salma kuna kabati, na ndani ya kabati kuna boila, sanduku jeupe linalonguruma. Mbele yake lina vifundo viwili vya kuzungusha. Kimoja kina picha ya mfereji wa maji. Kingine kina picha ya redieta, yale machuma ya ukutani yanayopasha nyumba moto. Mie sikumuuliza mtu. Niulize nini, na moto nimeanza kuuchezea kabla mkwe wangu hajazaliwa? Jiko langu la gesi kule nyumbani lina mafiga mawili na mtungi mmoja. Mtungi ukikaribia kwisha, ukitaka wali uive unafunga figa la pili, moto wote unakuja upande mmoja. Na mie nilitaka maji ya kumkanda mzazi, maji ya moto wa kweli, si yale yao ya uvuguvugu. Kwa hiyo asubuhi ile, mkwe wangu Idi alipotoka kwenda kazini, kifundo cha mfereji nikakizungusha mpaka mwisho, na kile cha redieta nikakifunga kabisa.

Salma akakandwa akakandika. Mvuke ulijaa chooni hata kioo hakionekani. Nilijiona fundi, wallahi.

Ikafika alasiri. Mnaijua Disemba ya London? Magharibi inaingia watu hawajamaliza chai ya mchana. Nje mvua, na ndani baridi ikaanza kunipanda kutoka kwenye nyayo. Nikasema moyoni, ndiyo Ulaya hiyo, nikavaa soksi za pili. Mara Salma akaniita.

"Mama, hebu njoo mshike. Miguu yake ya baridi, na ziwa halitaki."

Nikamshika. Jamani! Alikuwa baridi mpaka tumboni, na halii. Kule kutolia ndiko kulikonitisha.

"Mama, redieta zimezimika?"

"Zimezimika vipi, na moto nimeupandisha mpaka mwisho?"

Idi yuko kazini Hayes, kwenye maghala, na simu zao wanaziacha kabatini mpaka shifti iishe. Salma akamkumbatia mtoto kifuani, akasema tukishindwa tupige simu hospitali. Mie niliona dawa ni moja tu, kumwogesha maji ya moto, damu imtembee. Nikaenda jikoni, nikatia beseni kwenye sinki, nikashika mfereji.

Mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Jirani wa chini, mwanangu. Nifungulie."

Kiswahili! Tena cha Pemba, nilikijua hata kabla sijamwona mwenyewe. Nikatoa mnyororo wa mlango, nikafungua. Bibi mfupi, kajifunga kanga, malapa ya plastiki miguuni, chunjua kando ya pua. Na nakwambieni kweli, kitu cha kwanza nilichokitazama ni miguu. Magharibi, mgeni simjui, nani kwetu asingetazama? Kwato sikuziona. Niliona vidole vya binadamu, vimepakwa hina, moyo ukatulia. Nikamkaribisha, nikarudisha mnyororo kama Idi alivyonizoesha. Lakini hebu niulizeni, mvua yote ile, kwa nini kanga zake zilikuwa kavu? Sikujiuliza. Akili yangu yote ilikuwa kwa mtoto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Maji hayo usimtilie mtoto. Yajaribu kwanza kwa kidole chako."

Nikarudi jikoni, nikafungua mfereji, nikajaribu. Loo! Kidole nilikitia mdomoni kwa kasi. Kwetu tunaanza na maji ya baridi kisha tunaongeza ya moto, hilo kila mtu analijua. Lakini kwa haraka niliyokuwa nayo sijui ningeanza na yepi.

Akaja mpaka kwenye kabati la boila. Hakuligusa.

"Zungusha wewe," akasema. "Hiki chenye picha ya mfereji ni cha maji ya mferejini, basi. Kirudishe chini. Nyuzi hamsini zatosha, na hata hapo ya mtoto utachanganya na baridi. Hiki kingine ndicho cha nyumba. Umekifunga ndiyo maana mnaganda. Kipandishe, kipite katikati kidogo."

"Si vitagombania moto?"

Akacheka, lakini cheko lenyewe halikuwa na furaha. "Jiko la mafiga mawili, sivyo? Mie nami nilidhani hivyo hivyo. Hii haigombanii, mwanangu. Ukifungua mfereji, mashine yenyewe inaziacha redieta, inapasha maji. Ukiufunga, inarudi kwenye nyumba. Mie nilikifunga cha nyumba ili nipate maji mazuri ya kutawadhia. Nikakaa na baridi nikidhani ndiyo Ulaya yenyewe. Hapakuwa na wa kuniambia."

Akanionyesha na kidude cha ukutani koridoni. "Hicho ndicho kinachoiambia mashine kwamba nyumba imepata joto la kutosha. Kiweke kwenye nyuzi ishirini, kisha kiache. Usikichezee."

Nikafanya kama alivyosema. Boila likanguruma, mabomba yakaanza kugonga ukutani, na haikuchukua muda redieta ya koridoni ikaanza kupata moto. Bibi yule akasimama mbele yake, akainua mikono yake miwili juu yake, machozi yanamtiririka huku anatabasamu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Joto."

Nilimwonea huruma nisiyoijua sababu yake. Nikamwambia akae nimpe chai. Akasema, "Chai mpe mzazi. Nenda kwa mtoto."

Nikaenda. Nikamvua mtoto, nikamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Chumba kikaanza kuchangamka. Tukakaa tunamtazama, hakuna anayepumua. Mara kitoto kikakunja uso, kikafungua mdomo, kikalia! Kilio kitamu kile, sijapata kusikia taarabu iliyokishinda. Kikashika ziwa, kikanyonya kwa pupa. Mie nikapiga kigelegele huku nalia.

Salma akafuta machozi, akaniuliza, "Mama, jikoni ulikuwa unazungumza na nani?"

"Na jirani yenu wa chini. Kwani hukumsikia?"

"Nimekusikia wewe tu."

Nikatoka koridoni. Hapana mtu. Mlango umefungwa, na mnyororo uko mahali pake, kwa ndani. Mnyororo ule, niambieni, mtu aliyetoka nje anaurudishaje? Nywele zilinisimama. Nilisoma Ayatul Kursiy mpaka ulimi ukakauka.

Idi aliporudi nikamsimulia kila kitu, kanga, malapa, chunjua. Akaweka begi chini, akakaa.

"Mama, chini hapakai mtu," akasema. "Alikuwa akikaa Bi Zuhura, mama wa Kipemba, peke yake. Alifariki kwa baridi humo ndani, msimu kama huu mwaka jana, kabla sisi hatujahamia. Mie ni mmoja wa waliobeba jeneza. Sikumwambia Salma, niliogopa atahofu kuhamia hapa. Watu walipoingia walikuta redieta zake zote za baridi, na boila zima, halina hitilafu. Mpaka leo watu wanashangaa kwa nini."

Mie nilijua kwa nini. Na mtaniamini mkitaka, hofu ilinitoka palepale. Kilichobaki ni uchungu. Jengo zima lile, juu na chini, limejaa watu wanaojua vifundo vile, na bibi wa watu akafa kwa kukosa mtu mmoja wa kumzungushia kimoja.

Mkunga alikuja kesho yake. Akamshika mtoto miguu, akamshika tumbo, akacheka, akaandika mambo yake, akaenda zake. Wodini hatukurudi tena. Siku ya kumpa mtoto jina, Salma alikuwa na jina lake la kisasa kalichagua zamani. Akaliacha mwenyewe, bila kushawishiwa. Mtoto akaitwa Zuhura.

Zuhura sasa anakwenda skuli. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, na mie naja kila msimu wa baridi kugombana naye kwa hilo. Lakini kila mwaka, siku ya kwanza redieta zinapowashwa na mabomba yakaanza kugonga, anaacha michezo yake, anakwenda koridoni, anasimama na kuinua mikono miwili juu ya redieta. Hakufundishwa na mtu. Nilimuuliza mara moja anafanya nini. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba anampashia bibi wa chini mikono. Mie simkatazi. Nakwenda kusimama naye.

Ndiyo maana nawausia nyie mnaokaa nchi za baridi. Mkihamia nyumba, kabla ya kutundika mapazia, ulizeni kifundo kipi ni cha maji na kipi ni cha nyumba, kila boila lina tabia yake. Na kama chini yenu au juu yenu kuna mtu mzima anaishi peke yake, nendeni mkapige hodi. Ingieni, shikeni redieta yake kwa mikono yenu. Bi Zuhura alitupandia ngazi akiwa maiti kuja kutuokolea mtoto. Alipokuwa hai, hapakuwa na aliyemshukia.