Sigara Nene Juu ya Turubai

Hakuna kitu kilichoweza kunishangaza mimi. Niliishia darasa la nne, lakini mkono wangu ukizama kwenye gunia la pamba nilijua kama kuna mchanga chini, kama imemwagiwa maji iongezeke uzito, na nani kamwagia. Dutwa nzima ilisema huyu bwana hadanganyiki, na walisema kweli.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipoachia watu binafsi wanunue pamba. Mwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Mwanza akaja Bariadi kutafuta wakala wa Dutwa na Sapiwi. Nilikuwa nimeshatangaza mji mzima kwamba wakala ni mimi, kumbe hajanipa hata mizani. Na mizani ndiyo uwakala. Bila mizani ya mwenye kiwanda, wewe ni mpiga porojo tu.

Akaketi ghalani kwangu, akafungua kisanduku cha mbao, akanipa sigara nene kama kidole gumba, majani matupu, haina karatasi.

"Unajua tumbaku?"

"Bosi, mimi nimezaliwa kwenye tumbaku."

Sikudanganya. Guku, babu yangu mzaa baba, aliilima kwenye zizi la zamani la ng'ombe, na mimi ndiye niliyemsagia ugoro. Nikavuta moshi mpaka tumboni. Nikakohoa mpaka machozi. Dereva wake, Msukuma mwenzangu, akaangalia pembeni.

"Usimeze," bosi akasema. "Uweke mdomoni, uuachie taratibu. Halafu niambie umeonja nini."

Kwanza zilikuja karanga zinazokaangwa. Halafu ngozi, ile kamba ya ng'ombe wa jembe ikishaloa jasho. Mwisho kabisa, udongo wa mbugani ukipata mvua ya kwanza. Jivu lilikuwa jeupe, limeshikana, halidondoki. Nikamweleza hivyo hivyo.

"Nimewapa wengi, wanasema nzuri tu," akasema. "Wewe una ulimi."

Alikuwa anaelekea Meatu, na gari lilikuwa na joto, akaniachia kisanduku mpaka atakaporudi. "Kitunze kama pamba yako safi," akaniagiza.

Pamba safi kwetu ni daraja la kwanza. Ile ya pili tunaiita fifi. Alipoondoka nikafungua. Sigara zinabonyea kwa ulaini, na pembeni kuna kipande cha sponji kimeloa maji. Nikasema moyoni, bosi kaibiwa, wamemwekea maji kama wale wa magunia. Nikaitupa sponji. Asubuhi yake nikatandaza turubai mbele ya ghala, nikazianika moja moja, nikawa nazigeuza jua linavyohama.

Mke wangu akasimama na ndoo yake. "Baba watoto, hayo majani si yanapasuka?"

"Yanakauka."

"Haya. Yakishakauka vizuri utatuambia."

Bosi aliporudi nikampa kisanduku kwa mikono miwili. Akachukua sigara moja, akaibonyeza karibu na sikio. Ikalia kama ganda la hindi.

"Umefanya nini?"

"Nimezikausha, bosi. Walikuwa wamekuwekea maji."

"Nani alikwambia uzikaushe?"

"Wewe. Ulisema kama pamba safi."

Dereva akasema polepole, "Bosi, huku pamba safi ni kavu. Yenye maji haipandi mizani."

Bosi hakucheka. Akaiwasha, akanipa. "Onja."

Ilikuwa na moto mkali ulimini. Karanga hakuna, ngozi hakuna. Nilionja moshi wa shamba linalochomwa, basi. Jivu likaniangukia kwenye suruali.

"Daraja gani?"

Nilijua uwakala wangu umekaa hapo, kwenye neno hilo moja. "Fifi," nikasema.

Akakiweka kisanduku juu ya turubai, akaingia kwenye gari. Mizani hakuitaja. Dereva kabla ya kuondoa gari akaninong'oneza dirishani, "Kaka, yale maji ndiyo yanayozitunza. Na kile kisanduku thamani yake ni ng'ombe wawili."

Siku zilizofuata nilianza kukwepa salamu za watu. Mtu akisema mwangaluka, nikiitikia tu anaongeza, "Mizani inafika lini, wakala?" Nikawapeleka mnadani ng'ombe wangu wawili wa jembe, nikapanda basi hadi Mwanza, nikaweka hela mezani kwake.

"Sikukudai," akasema.

"Najua. Kitu kikiharibika ghalani kwangu, nalipa mimi."

Akazisukuma zile noti pembeni. "Ungeweza kuniambia ni safi."

"Ulikuwa umeshaisikia inavyolia."

Hapo ndipo alipocheka, kidogo tu, akavuta noti kwake. Mizani ikaja na lori, msimu ule nikanunua pamba nyingi kuliko mtu yeyote Sapiwi. Lakini mvua ziliponyesha tulilima kwa mkono, na mke wangu, akiinua jembe, aliacha kuniita baba watoto. Aliniita wakala. Mpaka leo, akikasirika, ni wakala.

Kwenye daftari langu la ghala nimeandika gharama ya uwakala, bei ya kisanduku pamoja na nauli ya basi kwenda na kurudi: shilingi laki moja, elfu themanini na nne na mia tano.