Tundu Kwenye Joho

Miaka hiyo ya tisini, mashine yangu ya kusikia ilikuwa kisanduku kinachoning'inia kifuani, na waya uliopanda hadi sikioni. Sauti ziliingilia kwenye kisanduku. Kwa hivyo mimi nilisikia kwa kifua, na kwa kifua hicho nilipiga ngoma ya kwaya kanisani kwetu Kathiani, wala sikupoteza mdundo.

Krismasi moja mwalimu wa kwaya akaniambia, "Ficha hiyo kitu ndani ya joho. Tutapigwa picha."

Nikaificha, kwa adabu. Kitambaa kikawa kinasugua kisanduku, na ibada nzima nilisikia kama mtu anapukuchua mahindi ndani ya kichwa changu. Ngoma ikaikimbia kwaya. Tulipotoka, mwalimu alisema mbele ya wote kwamba kiziwi ni kiziwi tu, na kuanzia siku hiyo kazi yangu ni kupanga viti.

Jumapili iliyofuata nilifika wa kwanza. Nilikuwa nimekata tundu kwenye joho, katikati ya kifua, nikalipinda kwa uzi mwekundu ili lionekane hata kwa mbali. Kisanduku kilikaa nje, kila mtu akione. Nikaketi kwenye ngoma.

"Joho ni ya kanisa," mwalimu akasema, macho kwenye tundu.

"Ndiyo, mwalimu. Na masikio ni yangu."

Kwetu wimbo hauanzi kabla ya ngoma. Waimbaji walikuwa wamesimama, waumini wanangoja. Nikainua vijiti, nikavishikilia hewani, nikamtazama mpaka akainua mkono.